Yule Mama wa Busi

Baba Zuhura wangu,

Ni mwaka wa nne tangu tukuzike, na kuna jambo la siku ile ya pikipiki sikukwambia. Wiki hii mwanao ameniuliza nikashindwa kumficha. Basi si haki wewe usilijue.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu mjini anajaribu bahati yake. Wewe uliacha ukarani, ukanunua pikipiki ya mtumba, ukawa unakwenda kijijini Busi mara moja kwa mwezi kutafuta asali na karanga. Mimi nilikuwa mkeo wa mwaka mmoja, mimba ya miezi mitatu, na nilikuwa nakupekua. Mwezi uliotangulia, kwenye mkoba wako wa safari nilikuta doti ya khanga, sukari na sabuni ya kuogea. Nikajiambia, asali hainunuliwi kwa khanga.

Asubuhi ile pale nyumbani Miyuji nikakwambia, "Na mimi nakwenda."

"Na hali hiyo? Njia mbovu, mke wangu."

"Nakwenda."

Ulinyamaza, ukafunga dumu la petroli vizuri, ukasema, "Haya, panda." Ule ukimya wako niliuchukua kuwa ushahidi.

Haneti tulisimama kunywa chai. Mwenye mgahawa alinitazama toka juu hadi chini, kisha akakuuliza wewe, "Na yule mama hajambo?"

"Hajambo," ukajibu, ukainamia kikombe.

Toka hapo sikukushika kiuno tena, nilishika chuma cha nyuma. Tuliingia porini, saa nzima bila kuona nyumba, mbung'o wakituuma hata juu ya nguo. Kwenye korongo la mchanga nilishuka, wewe ukasukuma pikipiki huku shati limekuganda mgongoni. Nikawaza, hakuna mwanaume anayeteseka hivi kwa ajili ya karanga. Nilianza hata kupanga maneno nitakayomwambia huyo mke mwenzangu.

Kabla ya kufika kijijini ulikata kona, tukafuata kinjia mpaka kwenye kibanda kilichokuwa peke yake. Akatoka bibi kizee amejifunga ile khanga.

"Shikamoo mama," ukasema.

Nilikuvuta pembeni. "Mama yako si alikufa? Ulimwambia mjomba wangu siku ya posa!"

"Ningesema ukweli mngenipa mke?" ulinijibu. Ndipo ukanieleza: walikufa watu wawili mfululizo kijijini, wakatafuta mchawi, wakamwona mjane mwenye macho mekundu. Wakamfukuza. "Macho yale ni moshi wa kuni. Mama hajamloga mtu."

Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Lakini wivu uliponitoka, hofu ilikuwa imeshaingia.

Alitupikia ugali wa mtama na mboga ya mlenda. Akanisogezea sahani, akasema, "Kula mwanangu, mko wawili."

Tumbo langu lilikuwa halijaonekana. Nilikutazama, ukaapa kwamba hukumwambia. Leo nami ni mtu mzima, wajawazito nawajua kwa kuwaona wanavyokaa. Siku ile niliona ni uchawi, nikarudisha mkono. Naye alielewa. Alimega tonge kwenye sahani yangu, akala mwenyewe, akanisubiri. Nikasema nina kichefuchefu. Sikuwa nacho. Wewe ndiye uliyemaliza chakula changu, bila kuinua macho.

Tulipoaga alinipa kifurushi cha karanga, kafunga kwa kitambaa, kasema ni za mtoto. Na hili ndilo sikukwambia. Uliposimama kujaza mafuta porini, nilikitupa vichakani. Tulipokwenda mbele kidogo nikakwambia kimeanguka.

Ulizima pikipiki. Ukarudi kwa miguu, jua kali, ukitafuta kila upande wa njia. Nilikaa pale nikikuona unavyoinama na kuinuka, unavyopungua kwa mbali, na sikukuita. Uliporudi mikono mitupu ulinitazama, ukasema tu, "Twende."

Hukuniomba hata siku moja twende Busi tena. Mtoto alipozaliwa ulitaka aitwe Mwanaidi, jina la mama yako; nikakataa, nawe hukubishana. Mama yako alipofariki ulikwenda kumzika peke yako. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikuchungulia usoni: anajua, hajui? Mpaka nakufumba macho sikupata jibu.

Sasa Zuhura ana mimba. Alitaka kujua bibi yake mzaa baba alikuwa mtu wa namna gani. Nilianza kumwambia alikufa zamani, kama tulivyozoea kusema, nikaona nashindwa kuendelea. Nikamweleza yote, mpaka karanga. Alinisikiliza huku anakunja nguo. Nilidhani atanigombeza, nikawa nimejiandaa. Aliuliza neno moja tu.

"Mama, bibi alikula peke yake miaka mingapi?"

Nilihesabu, Baba Zuhura. Nikamtajia. Akaweka nguo chini, akatoka nje, na mimi sikuwa na uso wa kumfuata.

Pumzika, mume wangu. Ukiwa naye huko, mwambie niliogopa bure.

Mkeo,
Mama Zuhura