Namba Tatu na Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Dada kaniita nyuma, kwenye kile chumba chake cha kuchanganyia manukato. Kafunga mlango. Kumbe tangu ile homa ya Desemba hasikii harufu hata kidogo! Miezi yote hii anajikaza, anapima matone kwa kufuata daftari tu. Keshokutwa anakuja mnunuzi wa duka kubwa, atachukua harufu moja. Zimebaki mbili, zote za kichaa — si yale maua maua ya kila harusi.

"Wewe kinyozi pua yako nzima," kasema. "Nichagulie. Najua wewe hutanidanganya."

Namba Tatu: chuma chenye kutu, na waridi. Inashtua, halafu unaizoea. Namba Saba —

Nilinusa nikakaa chini. Petroli, ngozi, tumbaku, sabuni ya kufulia. Ovaroli ya marehemu baba! Baba mekanika, anarudi jioni, ananibeba begani.

Nikamwambia Dada hii imeharibika. Inanuka yai viza.

Sijui maneno yalitoka wapi.

Jumanne, 5 Machi

Najua yalitoka wapi. Niliwaona akilini watu baki wakipita barabarani na harufu ya baba shingoni. Wivu. Na aibu — mimi ndiye niliyemnunia mwaka mzima, mpaka akafariki hatujasemeshana. Wao wajinunulie tu dukani?

Asubuhi Dada kaimwaga Saba kwenye sinki. Chupa nzima. Nami nimesimama pale pale, namshikia taulo!

Nimemkata mteja sikio leo. Kidogo, lakini damu ni damu.

Jumatano, 6 Machi

Mnunuzi kanusa Tatu, kacheka, kaichukua. Dada kanikumbatia mbele yake, kamwambia huyu ndiye pua yangu. Nikasema asante. Asante ya nini?

Shemeji, mume wa Dada, kauliza mbona sili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja kumwambia. Njiani nimepanga mpaka neno la kuanzia. Nikamkuta mezani, daftari wazi kwenye ukurasa wa Saba, macho mekundu.

Kasema hajui alikosea tone gani. Miaka miwili alikuwa anamtafuta baba kwenye ile chupa. Kabla ya homa alidhani amempata. Hakuniambia kusudi — alitaka nimtambue mwenyewe.

"Basi sikumpata," kasema. "Nilijidanganya."

Nikafungua mdomo. Akanivutia kiti. Anaianza upya, tone kwa tone, mimi ninuse. Kachovya kikaratasi, kanipa. Petroli na tumbaku tu, bado changa — lakini ni yeye. Ni yeye kabisa!

"Haya, mdogo wangu. Inanukaje?"

Kalamu mkononi, ananitazama usoni. Nikasema ngoja, naenda chooni mara moja. Ndiko niliko, naandika juu ya goti, kikaratasi bado nimekishika.

Anagonga mlango. Polepole. Anauliza kama imeharibika tena.