Presha ya Chumbani kwa Mama

Baba,

Mama hahami. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Atamalizia eda yake humu humu Kibiti, nyumbani kwako, na jana mchana alilala mpaka akakoroma. Nilisimama ukumbini nikimsikiliza, nikacheka peke yangu. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka.

Ulipoondoka, chumba chake kiligeuka tanuri. Sebuleni baridi tele, kwake jasho. Baba Mdogo, aliyekuja kukaa nasi, akasema yale mabomba uliyopitisha darini kugawa ubaridi vyumbani yang'olewe, na Mama apelekwe kwa Bibi, kule Nyamwage, akapate hewa. "Kaka alijitahidi," akasema, "lakini hii kazi ilimshinda." Mama aligeukia ukutani tu. Nami, unanijua, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nikuambie ukweli? Nilimwamini. Nilidhani kweli ulikosea.

Halafu nikakumbuka chupa ya soda. Uliniambia nipulize ndani, nikapuliza mpaka mashavu yakauma, ukacheka: "Imejaa hiyo, itaingia wapi?" Ukanionyesha tundu kubwa la ukumbini, linalovuta hewa ya vyumba vyote na kuirudisha kwenye mashine ya ubaridi. Uligawa upepo milango ikiwa wazi, mapazia yananing'inia, kama tulivyoishi siku zote. Sasa Mama yuko eda, shemeji yake yumo humu nyumbani, mlango wake unafungwa kutwa, na Shangazi kaziba chini kwa kanga usionekane hata unyayo. Ubaridi unapulizwa mle, hewa ya ndani haina pa kutokea. Mama yumo ndani ya chupa.

Nikamwendea Shangazi jikoni. Haya shuleni nimeyasoma kwa Kiingereza, na lile neno la shule ya msingi la msukumo wa hewa, kanieneo, sijalisikia kwa mtu mzima yeyote. Nikasema, "Shangazi, chumbani kwa Mama kuna presha."

"Mungu wangu! Wifi yangu ana presha!"

Akaacha mwiko chunguni, akakimbia huku akimwita Baba Mdogo atafute bodaboda. Mama naye akauliza kutoka ndani, "Nani ana presha?" Ikabidi niseme, Baba. Kwa sauti, mbele ya wote: "Si Mama! Ni chumba!"

Walinitazama kama nimepagawa. Nikaivuta kanga pale chini, nikashika kipande cha karatasi laini kwenye upenyo. Kikapepea kuja ukumbini. Baba Mdogo akachuchumaa, akakitazama muda mrefu. "Kumbe Kaka..." akasema, akaanza kupima upenyo kwa vidole.

Kesho yake aliuranda mlango chini, upana wa vidole viwili. Shangazi akalalamika kwamba visigino vya wifi yake vitaonekana. Mama akajibu kutoka ndani, "Waviangalie tu, vimepasuka." Baba, ni yeye kabisa. Nilikuwa nimeisahau ile sauti yake.

Eda ikiisha mlango utakuwa wazi tena, na huenda upepo ukamzidi. Nitapanda darini mwenyewe nikizungushe kile kibati ulichofunga kwenye bomba lake, nipunguze kidogo kidogo. Na Baba Mdogo akiniuliza nafanya nini huko juu, nitamweleza yote. Nakuahidi.

Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, akuletee na upepo mwanana.

Mwanao,
Zuhura