Wananiita Aba

Mama yangu,

Shikamoo. Naitoa nimepiga magoti, maana nakujua, hupokei shikamoo ya mtu aliyesimama. Vipi hilo goti lako? Na ngedere wamekuachia mhogo wowote mwaka huu? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia.

Waniuliza kama nitakuja Likoni kwa Idi nimwone mwanangu Riziki. Mara tatu nimekujibu "inshallah", nikimsingizia Mungu uongo wangu. Leo nakwambia kweli.

Bado nalea watoto kwenye ile shule ya chekechea ya Mayahudi hapa London. Ni watu wema, mama, usisikilize ya barazani. Nguruwe hawali, salamu yao ni amani kama yetu, na Ijumaa wana yao: mwalimu huwasha mishumaa, watoto hufumba macho kwa viganja, kisha humegeana mkate uliosukwa kama nywele.

Shida ya mwalimu mkuu, Bi Rivka, ilikuwa wazazi. Akiita mkutano waja wawili, na mmoja ana haraka. Wengine hata hizo dua za Ijumaa wamezisahau, mtoto akirudi nyumbani hana wa kuimba naye. Basi Bi Rivka akazua jambo. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri huandika barua kwenye kompyuta, akatia picha za watoto na maneno ya wimbo waliojifunza, ikapita kwenye waya wa simu na kuingia nyumba zote kwa mpigo. Mzazi akijibu, jibu lake lasomwa na wote. Wallahi, limekuwa baraza! Baba mmoja aliandika kwamba ameimba mezani na mwanawe, mara ya kwanza tangu mkewe afariki, na wenzake wakampa pole wiki nzima.

Mpiga picha ni mimi. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe, kwa kuwa mwenye kushika kamera haonekani.

Siku moja Bi Rivka aliniita nikiwa jikoni, nami nikaitika kama ulivyonifunza: "Abee!" Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe wamesikia "aba", na kwa lugha ya dini yao "aba" ni baba! Katoto kamoja kakanishika aproni kakauliza, "Wewe ni baba wa nani?" Toka hapo jina langu ni Aba. Bi Rivka akakitia kisa hicho kwenye barua ya Ijumaa, na wazazi wakashika hapo hapo: huyu Aba ni nani? Tuonyesheni sura yake. Ana watoto?

Nikakataa kupigwa picha. Bi Rivka akabadilika uso.

"Mwanaisha, niambie kweli. Waona haya kuonekana na Mayahudi?"

Mama, neno lile lilinichoma. Nikasema yote. Kwamba ile familia niliyokuja nayo kama yaya ilihama nchi hii, na kibali changu cha kukaa hapa kilifungamana nao, kikafa walipoondoka. Picha yangu ikiingia nyumba zote hizo, yatosha mtu mmoja kuulizauliza. Nikitoka nchi hii siruhusiwi kurudi tena, na kazi hii ndiyo inayomsomesha Riziki. Nikibaki, simwoni. Nimenaswa, mama, na mtego nimeutega mwenyewe.

"Ningejua nisingekuandika kazi," Bi Rivka akasema. "Sasa nimejua, na watoto wamekuzoea. Sijui nifanye nini nawe."

Mpaka leo hajaamua. Kila asubuhi nikifika, kwanza nautazama uso wake.

Na Ijumaa napiga picha. Kuna mama mmoja husafiri sana kikazi. Akiwa huko aliko hufungua kompyuta akamwona mwanawe ana unga puani, akajibu papo hapo, nasi tukamsomea mtoto maneno ya mamake. Mimi ninayempelekea mwenzangu picha hizo sijui Riziki ameng'oka meno mangapi. Huwa nalia chooni, nikanawa uso, nikarudi darasani.

Basi Idi hii siji. Wala ile ijayo, sitaki kukudanganya.

Nisalimie mjomba Hamisi, fundi wa baiskeli, mwambie nimeyakumbuka hata matusi yake. Nisalimie shangazi Mwanasiti anayekupikia ukiugua, Mungu amlipe. Na ustadhi wa chuoni msalimie pia. Waniandikia kwamba alimuuliza Riziki jina la mama yake, akataja lako, nawe ukamchapa mbele ya wenzake kwa kunivunjia heshima. Usimchape tena, mama. Aliulizwa mama, akamtaja anayemwogesha.

Mwanao,
Mwanaisha