Mteremko wa Kuja Ziwani

Liuli, Juni 1995

Mjomba Othmar,

Shikamoo. Huku hatujambo, usipa, wale dagaa wa ziwani, ni wengi mwaka huu. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua kahawa, gari la tajiri wangu linakwenda Mbinga kila siku. Dizeli imepanda bei, naye alinitaka niteremke milima kwa frii, gia ikiwa imetolewa, ili tubane mafuta. Mimi nilishika ulichonifundisha: naondoa mguu kwenye mafuta mapema, gia inabaki imeingia. Matumizi ya mafuta yalipungua vilevile.

Juzi nilimpakia mke wangu Herieth, mimba yake imekuwa kubwa. Kwenye mteremko wa kuja ziwani nilikanyaga breki, hazikushika. Nikashusha gia hadi namba moja, injini ikalia, gari likapunguza mwendo, nikaliegemeza kwenye ukingo wa udongo.

“Mbona umesimama?” Herieth aliuliza.

“Napumzisha injini.”

Breki zimeshatengenezwa. Tajiri nilimweleza yote, akasema, “Endelea na gia zako.” Herieth bado sijamwambia.

Asante sana, mjomba. Herieth anakusalimu. Anashangaa kwa nini nakuandikia huku nafuta machozi.

Mpwa wako,
Dastan