Siku Anjela Alipomjibu Mwalimu

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Uru hatujambo, na ng'ombe wetu amezaa. Nimefurahi kusikia umekuwa mwalimu wa taaluma na matokeo ya shule yenu yanapanda. Umeniuliza mpango wa kuinua fizikia uanzie wapi.

Nilipokuwa sekondari, tulifeli fizikia darasa zima. Mwalimu akafoka, "Hamsomi!" Rafiki yangu Anjela akasimama. "Tunasoma, mwalimu, ila Kiingereza hatukielewi."

Tulijua atachapwa. Lakini mwalimu akamwambia, "Nioneshe ulipoachwa." Tangu hapo alitueleza kwanza kwa Kiswahili, ndipo akarudia kwa Kiingereza. Mtihani uliofuata tulifaulu wengi.

Ningekuwa wewe, ningewauliza wanafunzi wanaachwa wapi, halafu ningenyamaza mpaka mmoja wao apate ujasiri.

Mungu akutunze.

Bibi yako