Mayu, Koo Lako Halikuwa na Dhambi

Mayu, mama yangu,

Nakuandikia nina hasira, wala sitaificha kwa maneno mazuri. Miaka imepita tangu tukuzike kule Mwamkulu, na ni mwaka huu tu nimejua kilichokupata.

Kutwa ulikuwa sokoni Kashaulili ukiita wateja wa dagaa, vumbi likikuingia kooni, na jioni unakwenda mazoezi ya kwaya. Wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha nyimbo. Mwalimu wa kwaya anapandisha kinanda, anasema, "Mama Kabula, toa sauti! Wa nyuma hawasikii." Nawe unatoa mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi nilikaa benchi la mbele nikijivuna.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nani angekuruhusu kupumzika? Ulitafuna tangawizi, ukanywa mizizi aliyoileta baba, chungu mpaka ukatapika. Jumapili ile sauti ilipokukatikia katikati ya wimbo, mwalimu aliacha kinanda, akasema mbele ya wote, "Sauti ya mwimbaji haiondoki bure. Kuna jambo Mama Kabula amelificha." Ukapiga magoti ukatubu. Njiani nikakuuliza, "Mayu, umekosa nini?" Ukaninong'oneza, "Sijui, mwanangu. Labda nimesahau."

Wakakutoa kwenye kuimba, wakakupa kazi ya kufua majoho. Nyumbani nako ukaacha kuongea, ukawa unatuita kwa kupiga makofi. Homa iliyokuchukua haikuhusu koo, lakini mimi nasema ulianza kuondoka siku ile ya magoti. Msibani walikuja na majoho yale yale uliyoyafua, na mwalimu akaisifia sauti yako kwenye kipaza sauti.

Mwaka huu yakanikuta mimi. Nafundisha shule ya msingi, darasa limejaa, napaza sauti tangu asubuhi. Ikaanza kukwaruza kama yako. Shangazi akasema, "Ni mambo ya mama yako hayo, nenda ukaombewe." Sikwenda; nikapanda treni mpaka Tabora, nikaunganisha basi la Mwanza kutafuta daktari.

Daktari alinipitishia kamera nyembamba, akanionyesha kwenye skrini nyuzi mbili za sauti, kila mmoja na kinundu chake kidogo, kama sugu kwenye kiganja cha mkulima.

"Umezitumia kupita kiasi," akasema.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Akanikabidhi kwa dada mmoja anayetibu sauti kwa mazoezi. Alinifundisha kuvuta pumzi tumboni, kunywa maji, kuacha kupiga kelele na hata kunong'ona, maana nako kunachosha koo. Halafu akanipa mrija na glasi ya maji, akaniambia nigune wimbo humo, maji yatoe mapovu. Mrija wa soda, Mayu! Nililia, akadhani naumia.

Sauti imerudi polepole. Siku nyingine inanitoroka, lakini naimba.

Juzi mwalimu wa kwaya alikuja kwangu, amezeeka. Akasema, "Nina waimbaji wawili wamekaukiwa sauti. Nasikia nyie mlioenda Mwanza mnatibiwa. Njoo utusaidie."

Nikamwuliza, "Wameshatubu?"



Nilikwenda, kwa ajili ya wale akina mama. Nimewafundisha nilichofundishwa, nikawaambia wakaonwe na daktari. Mmoja ameanza kupata nafuu. Mwalimu sikumpa mkono. Baba anasema nina moyo mgumu, kwamba mwalimu hakujua. Ni kweli, hakujua. Lakini asiyejua hunyamaza, Mayu. Yeye alisema, ukanyamaza wewe.

Pumzika. Mvua zikianza nitakuja kukupalilia kaburi.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Kabula