Jozi ya Tatu

Kambini karibu na Kemi, Ufini
30 Januari 1940

Mama mpendwa,

Amani ya Mungu. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwako na huo mguu wako. Je, ami Oskari anakupasulia kuni, au bado anazipasua kwa mdomo?

Sisi marubani wa kujitolea kutoka Uswidi tumepewa mahema, na ndege zetu zinatua juu ya bahari iliyoganda. Åke, ninayelala naye hema moja, ananitania: "Wewe unaongea Kifini kuliko Wafini wenyewe. Umekuja vitani au kusalimia ndugu?" Nikamjibu, yote mawili.

Najua bado umenuna. Lakini Warusi wameilipua nyumba ya mama mdogo Selma, nami nisingeweza kukaa kwetu Juoksengi, upande wa Uswidi wa mto wa mpakani, nikitazama moshi.

Mwanao,
Arvid

Juoksengi
5 Februari 1940

Mwanangu Arvid,

Amani ya Mungu iwe nawe. Mguu unauma, ila zizini unanifikisha. Oskari amepasua kuni zote, maana nilimnyima kahawa mpaka amalize.

Nakutumia jozi ya pili ya glavu za sufu. Iweke chini ya kiti cha ndege. Mtu mwenye akili haendi barafuni na jozi moja.

Siku ile sikukuaga vizuri. Nilisema vita vya watu si vyako. Selma ni dada yangu, na maneno yale nimeyameza. Wewe rudi tu, baba.

Mama yako

Kambini
14 Februari 1940

Mama,

Amani ya Mungu. Mwili ni mzima. Glavu zimefika, asante.

Juma lililopita niliiangusha ndege ya Mrusi. Ilishuka kwa tumbo juu ya barafu, rubani akatoka mzima. Nikazunguka chini chini. Mikono yake haikuwa na glavu, akainua mmoja juu, akaunyoosha kwangu. Sikujua ananiomba, ananilaani au ananisalimu. Jozi yako ya pili ilikuwa chini ya kiti, Mama. Ningefungua kioo tu nikaitupa. Nilisema moyoni, ni adui, nikageuza ndege nikaenda kunywa supu.

Askari wa doria walimkuta kesho yake ameketi, amekufa kwa baridi, mkono bado uko juu.

Sasa kila nikifumba macho yuko mlangoni mwa hema. Jana nikiwa angani nilimwona barafuni, nikasahau kutazama nyuma yangu, Åke ndiye aliyeniokoa. Nikiendelea hivi sitarudi. Mama, nifanyeje?

Arvid

Juoksengi
18 Februari 1940

Mwanangu,

Amani ya Mungu. Nimelia, kisha nimekamua ng'ombe, kisha nimelia tena.

Sitakuhubiria. Yule anasikia baridi, basi. Unajua desturi ya sauna yetu ya kuogea mvuke: wa mwisho kuoga huacha mawe yakiwa na moto, ndoo ya maji na taulo, kwa ajili ya wafu waliotutangulia. Mhubiri hapendi. Mhubiri hajazaa.

Jumamosi hii namwashia yeye. Naye ana mama aliyemfumia glavu, popote alipo huyo mama. Namfumia jozi yake, nitaiweka juu ya benchi. Nitamwambia: mwanangu alikosa, chukua, umwache alale.

Mama yako

Juoksengi
Jumapili, 25 Februari 1940

Arvid wangu,

Amani ya Mungu. Hujajibu, na posta wanasema tungoje. Naandika hivyo hivyo.

Jana nilifanya kama nilivyosema. Sufu ya kijivu iliniishia, vifundo vya mkono nikavimalizia kwa uzi mwekundu niliofumua kwenye shali ya marehemu baba yako. Leo asubuhi nimeingia. Taulo kavu, maji hayajaguswa. Glavu hazipo.

Nimemkaba Oskari. "Mimi? Niibe kitu cha maiti? Una wazimu, shemeji!" Nje theluji ilikuwa safi, haina hata unyayo.

Naogopa, mwanangu. Niandikie hata neno moja.

Mama

Hospitalini, Kemi
29 Februari 1940

Mama mpendwa,

Amani ya Mungu. Ni mzima, usishtuke kuona jina la hospitali. Tangu nilipokuandikia habari za yule Mrusi sijapata barua yako hata moja. Tumehamishwa kambi, posta imepotea njia.

Jumamosi jioni injini iliwaka moto, nikashuka barafuni. Glavu ziliungua mikononi, na jozi ya pili iliteketea na ndege. Åke akazunguka juu yangu, nikainua mkono. Ndipo nikamwelewa yule. Hakuwa ananiomba wala kunilaani. Ukiwa peke yako kule chini, mkono hujiinua wenyewe.

Usiku mtu alikuja akaketi nami, bega kwa bega. Nilimsemesha Kifini, nikamsemesha Kiswidi, hakujibu. Sikuogopa. Nikasinzia.

Askari wa doria walinikuta asubuhi. Vidole viwili vya mguu wamevikata, ila vya mikono vipo vyote kumi, daktari haamini. Tangu siku hiyo nalala.

Glavu nilizokutwa nazo ninazo hapa kitandani. Mshono ni wako, ningeujua hata gizani, lakini vifundo ni vyekundu kama shali ya baba, na jozi hii mimi sijawahi kuiona. Ulimpa nani aniletee? Mwambie asante, Mama. Aliondoka kabla sijamshukuru.

Mwanao,
Arvid